Njia ya chakula imefunguliwa, mgonjwa ameambiwa nini?

Ndugu msomaji, wiki hii naomba tuache kidogo siasa na bei za vitu, tuzungumzie tundu dogo lililomo ndani ya tumbo la kila mmoja wetu. Mfuko wa chakula una lango upande wake wa chini. Chakula kikishasagwa, lango hilo hufunguka kidogo kidogo na kukiruhusu kiingie kwenye utumbo mdogo. Lango hilo likiziba, au ikiziba ile sehemu ya utumbo iliyo mbele yake tu, mtu hana tena njia ya kula. Anameza vizuri, chakula kinashuka vizuri, halafu kinakwama. Baada ya saa kadhaa anatapika, na katika matapishi yale anauona wali wa jana. Mwili unakauka, kanzu inampwaya, na majirani wanaanza kunong'onezana.

Zamani sababu kubwa ya kuziba huko ilikuwa ni vidonda vya tumbo vya muda mrefu, ambavyo vikipona huacha kovu linalosinyaza lango. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waligundua kwamba kuna kijidudu kinachosababisha sehemu kubwa ya vidonda hivyo, ugunduzi uliowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Tangu dawa za kumuua mdudu huyo na za kupunguza asidi zienee, katika nchi nyingi sababu inayoongoza imekuwa saratani, hasa ya mfuko wa chakula wenyewe na ya kongosho. Nawaomba wenye vidonda wasitishike na makala hii. Lango lililosinyaa kwa kovu mara nyingi hutibika kwa dawa, au kwa kutanuliwa na puto dogo linaloingizwa kupitia mdomoni, au kwa upasuaji.

Ninaowazungumzia mimi ni wale wengine, ambao saratani imeshasambaa kiasi kwamba hakuna daktari mwaminifu atakayesema anaiondoa. Kwa hao ipo tiba inayofungua njia ya chakula bila kuugusa ugonjwa wenyewe. Swali ninalotaka tulijadili ni hili: tiba ya namna hiyo, inayolisha lakini haiponyi, ridhaa yake tunaiomba kwa nani, na kwa maneno gani?

Tiba hii ina historia yake. Januari 1881, mjini Vienna, daktari Theodor Billroth alimpasua mwanamke wa miaka 43, Therese Heller, akakata sehemu ya chini ya mfuko wa chakula iliyozibwa na saratani, kisha akaunganisha kilichobaki na utumbo. Ulimwengu wa madaktari ulishangilia, na hadi leo wanafunzi wa udaktari wanalisoma jina la Billroth. Mwanamke yule aliishi miezi minne hivi, saratani ikamrudia akafariki. Mwaka huo huo msaidizi wa Billroth, Anton Wölfler, alimfungua mgonjwa mwingine akakuta uvimbe hauondoleki. Badala ya kumfunga na kumrudisha wodini alivyokuwa, aliuacha uvimbe pale pale, akatoboa mfuko wa chakula mahali pengine na kuuunganisha na utumbo mdogo ili chakula kipite pembeni. Ni sawa na barabara iliyofungwa kwa mafuriko: huwezi kuyaondoa maji, basi unachepusha magari. Njia hiyo ya mchepuko ilitumika kwa zaidi ya miaka mia moja, na bado inatumika.

Tatizo lake ni kwamba mtu aliyekonda kwa njaa ya wiki kadhaa si mtu wa kupasuliwa tumbo kirahisi. Kuanzia miaka ya 1990 ikaja njia nyingine. Daktari anapitisha waya mwembamba mdomoni, au kwenye mpira wenye kamera, huku akiangalia katika kioo cha eksirei waya unavyopenya katikati ya uvimbe. Juu ya waya anapitisha bomba la wavu wa chuma lililokunjwa, wenyewe wanaliita stenti. Likifika mahali pake analiachia, nalo linajitanua lenyewe mpaka kufikia upana wa sentimita mbili hivi, na kuusukuma uvimbe kando. Hakuna kisu, hakuna mshono. Wagonjwa wengi wanaanza kunywa vitu vya majimaji siku moja au mbili baadaye.

Njia ya karibuni zaidi inaunganisha mambo hayo mawili. Daktari akiwa ndani ya mfuko wa chakula anatumia ultrasaundi iliyoko kwenye ncha ya mpira, anauona utumbo mdogo ng'ambo ya pili ya ukuta, anatoboa, na kuweka stenti fupi yenye umbo la kishikizo inayozibana kuta mbili pamoja. Ni mchepuko ule ule wa Wölfler, ila bila kupasua tumbo. Utafiti ulioongozwa na madaktari wa Hong Kong na kuchapishwa mwaka 2024 uliwalinganisha wagonjwa 97 wa nchi kadhaa, wote wenye saratani isiyoondoleka. Katika miezi sita, waliowekewa stenti ya kawaida asilimia 29 ilibidi warudiwe kwa sababu njia iliziba tena. Waliofanyiwa mchepuko wa ultrasaundi ni asilimia 4 tu.

Huku kwetu elimu ya tiba zinazoongozwa na picha bado ni changa. Muhimbili ilianza kuifundisha mwaka 2018, wataalamu walipokuja kwa zamu kutoka Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani, na kabla ya hapo nchi nzima haikuwa na daktari aliyebobea katika fani hiyo. Majirani zetu wa Kenya wana uzoefu wa jambo linalokaribiana nalo: hospitali ya Tenwek, kule Bomet, imewawekea mamia ya wagonjwa wa saratani ya koo la chakula stenti za wavu tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Wenye uwezo wanakwenda India. Wasio nacho wanawekewa mpira wa puani na dripu, na wengine hata hayo hawayapati.

Sasa nirudi kwenye swali. Mwaka 2010 madaktari wa Uholanzi walichapisha utafiti mdogo wa wagonjwa 39. Wengine waliwekewa stenti, wengine walipasuliwa na kufanyiwa mchepuko. Wa stenti walianza kula mapema, kwa wastani baada ya siku 5, na wa upasuaji baada ya siku 8. Lakini wa upasuaji waliendelea kuweza kula kwa muda mrefu zaidi, siku 72 dhidi ya 50. Madaktari wale wakashauri hivi: mgonjwa anayetarajiwa kuishi miezi miwili au zaidi afadhali apasuliwe, na anayetarajiwa kuishi chini ya hapo awekewe stenti.

Tafadhali msomaji, isome tena sentensi hiyo. Uchaguzi wa tiba umefungwa kwenye makadirio ya muda uliobaki. Wataalamu wanazungumzia siku 50 na siku 72! Huyu anapata haraka lakini kwa muda mfupi, yule anachelewa na kuumia kwanza lakini anadumu. Nani mwenye haki ya kupima kati ya hayo mawili kama si yule ambaye siku hizo ni zake? Atapimaje kama ameambiwa kwamba ana "vidonda tu", na kwamba akiwekewa "kibomba" atapona?

Kwetu hilo ndilo linalofanyika. Majibu yanatoka, daktari anamwita mtoto mkubwa wa kiume au shemeji pembeni ya korido, wananong'ona, halafu wanarudi kitandani na nyuso za bandia. "Mzee, ni jambo dogo." Sisemi kwamba wanafanya kwa ubaya. Wanafanya kwa mapenzi. Hoja yao naijua kwa sababu nimeisikia mara nyingi: mgonjwa akijua atakata tamaa, atakufa kwa hofu kabla ya kufa kwa ugonjwa, na isitoshe ajali iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, daktari ni nani aseme miezi miwili?

Hoja hiyo ya mwisho ina ukweli ndani yake. Daktari hajui siku. Makadirio yake yanakosea, tena mara nyingi. Lakini kutojua siku ni jambo moja, na kumdanganya mtu ugonjwa alionao ni jambo jingine kabisa. Daktari anaweza kusema: sijui utaishi muda gani, ila huu ni ugonjwa ambao hatuna uwezo wa kuuondoa, na bomba hili ni la kukuwezesha kula. Katika maneno hayo hakuna aliyejifanya Mungu.

Nimlete mfano mzee mmoja, mfanyabiashara wa Kariakoo, ambaye familia yake naifahamu vizuri. Alikuwa na saratani ya kongosho iliyoziba njia. Wanawe walikubaliana na daktari asiambiwe. Akawekewa stenti, na kwa kweli ilikuwa kama muujiza: mtu aliyekuwa akitapika maji alikula ndizi laini na supu ndani ya wiki moja. Akarudi nyumbani, akarudi na dukani. Kwa kuwa aliamini kwamba amepona, akafanya yale anayoyafanya mtu aliyepona. Alichukua mzigo mpya kwa mkopo. Mwenzake wa siku nyingi, ambaye walikuwa na fedha za shirika zisizoandikwa popote, alipomuuliza habari ya mahesabu alimjibu, "Tuvuke msimu huu kwanza." Dada yake wa Tanga, ambaye walikuwa hawasemezani kwa sababu ya kiwanja cha urithi, alipeleka salamu, naye akasema akipata nguvu kidogo atakwenda mwenyewe. Wiki ya saba stenti ikaziba. Siku kumi baadaye tulikuwa makaburini.

Mwenzake alikuja kudai kabla arobaini haijafika. Watoto hawakuwa na habari, wakamwona tapeli. Mwenye mzigo naye akaja. Hadi leo kesi ya shirika lile haijesha, na yule dada alifika Tanga–Dar usiku kwa basi, akakuta jeneza limeshatoka.

Je, stenti ile ilikuwa tiba mbaya? Hasha. Ilifanya kazi yake barabara. Ilimpa mzee yule wiki saba za kula, kutembea na kuongea. Hizo wiki saba ndizo alizohitaji kwa kila kitu nilichokitaja, na alizitumia kana kwamba ana miaka saba, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa na watu aliowaamini kuliko wote.

Katika historia yetu wenyewe upo mfano ambao naona hatuuzingatii ipasavyo. Umar bin al-Khattab alipochomwa kisu mwaka 23 Hijria, tumbo lake lilitobolewa. Akaletewa tabibu, akampa maziwa anywe, maziwa yakatoka kwenye jeraha. Yaani chakula hakikuwa na njia. Tabibu yule hakumwita Abdullah bin Umar pembeni. Alimwambia Khalifa mwenyewe, uso kwa uso, kwamba aweke wasia. Naye Umar akafanya nini? Akamtuma mwanawe ahesabu madeni yake, yakapatikana kama dirhamu 86,000, akaeleza yalipwe kutoka wapi. Akamtuma kwa Bibi Aisha kumuomba ruhusa ya kuzikwa karibu na wenzake wawili. Akawateua watu sita wa kushauriana juu ya uongozi. Yote hayo katika siku chache, akiwa na tumbo lililopasuka. Tabibu angesema "ni jambo dogo, Amiri wa Waumini", umma ungeingia kwenye msiba ule na mikono mitupu.

Anayesema kwamba kuzungumzia kifo kunaua, amkumbuke Saad bin Abi Waqqas. Aliugua Makka wakati wa Hija ya Kuaga mpaka akahisi anakufa, na Mtume (s.a.w.) alipokwenda kumtazama akamuuliza kuhusu kuitoa mali yake sadaka. Mazungumzo yalikuwa ya wazi kabisa, juu ya kiasi gani atoe na binti yake abaki na nini, akaishia kuruhusiwa theluthi. Hakufa. Aliinuka, akaja kuongoza jeshi la Qadisiyya, na aliishi miaka mingi baada ya hapo.

Na hapa kwenye theluthi pana jambo la kisheria ambalo wanaoficha hawalitazami. Mafakihi wameweka hukumu maalumu kwa mtu aliye katika maradhi ya mauti. Zawadi anazotoa wakati huo huhesabiwa ndani ya theluthi kama wasia, ili warithi wasidhulumiwe. Sheria hiyo inamtazama mgonjwa kama mtu mwenye amana mkononi, mwenye madeni ya watu na madeni ya Mola wake, siku za saumu alizokula na zaka aliyoichelewesha. Mtu huyo atatekelezaje wajibu wa hali ambayo hajui kwamba yumo?

Masheikh wa Baraza la Fiqhi la Kimataifa walipokutana Jeddah mwaka 1992 walilijadili suala la matibabu, wakaeleza kwamba hukumu yake haiko moja: pengine kutibiwa ni wajibu, pengine ni sunna, pengine ni ruhusa tu, na pengine ni karaha pale madhara ya tiba yanapohofiwa kuwa makubwa kuliko ugonjwa. Wakasisitiza pia kwamba mgonjwa mwenye akili timamu ruhusa yake ni sharti. Mimi si fakihi, lakini najiuliza kuhusu ruhusa iliyopatikana kwa kusema "vidonda". Mtu akikuuzia gunia la mchele kumbe ndani ni pumba, umeridhia kununua nini? Tunajua hukumu ya biashara hiyo sokoni. Hospitalini tunaiita huruma.

Wanawake ndio wanaopatikana zaidi na jambo hili, na inafaa lisemwe. Mke akiugua, majibu anapewa mume. Mama mjane akiugua, anapewa kijana wake wa miaka 25 ambaye jana tu alikuwa akimuomba nauli. Mama aliyeendesha nyumba, aliyecheza upatu wa mtaa mzima na kukumbuka zamu ya kila mtu, ghafla anaonekana hana moyo wa kubeba habari za tumbo lake mwenyewe.

Kuna na upande wa michango. Msikitini na katika vikundi vya familia tunaitisha fedha "za kumpeleka mgonjwa India akatibiwe". Wachache wanajua kwamba kinachofuatwa huko si kupona, ni kufungua njia ya chakula. Hakuna aibu kuchangia hilo. Mimi ningechanga kwa moyo mmoja kumwezesha mtu asife kwa njaa mezani kwake. Ila mchangaji aambiwe, na mgonjwa aambiwe, maana nimeona nyumba ikiuzwa kwa ajili ya safari ambayo mwenye nyumba, lau angejua, huenda angesema waibakize kwa watoto. Au huenda angesema uzeni, nataka nile. Vyote viwili ni halali yake.

Nakubali kwamba wapo wasiotaka kujua. Hao nao wana haki, na kumbandika mtu ukweli usoni kama bango ni ukatili. Habari nzito inatolewa kwa vipande, mtu akiwa amekaa, akiwa na anayempenda karibu, tena daktari akiwa na muda. Wodi zetu zimejaa na daktari ana wagonjwa arobaini, hilo ni kweli. Lakini dakika kumi za kunong'ona na shemeji koridoni zilipatikana.

Madaktari wanayo ngazi ya kupima ulaji wa wagonjwa hawa, kuanzia 0 hadi 3. Sifuri hali kitu, moja anakunywa vya majimaji tu, mbili anakula vyakula laini, tatu anakula karibu kama kawaida. Ni ngazi rahisi, anaweza kuielewa hata asiyesoma. Mgonjwa aonyeshwe. Aambiwe kwamba kwa stenti huenda akafika ya pili haraka lakini ikaziba, kwamba kwa upasuaji atachelewa, kwamba ule mchepuko wa ultrasaundi unapatikana mahali fulani kwa gharama fulani, na kwamba akikataa yote upo mpira wa kutoa yanayojaa tumboni ili asitapike, na dawa za maumivu zipo. Yupo atakayeridhika na uji wa ngazi ya kwanza alimradi alale kwake. Yupo atakayevumilia kisu kwa sababu ana binti wa kuoza baada ya miezi mitatu.

Ninachowaomba madaktari wetu ni jambo moja dogo la utaratibu. Siku ya kwanza kabisa, kabla ya kipimo, wakati hakuna anayejua lolote na hakuna uso wa kuusoma, wamuulize mgonjwa mwenyewe: majibu yakitoka, unataka nikwambie wewe, au nimwambie nani? Waiandike kwenye faili lake. Akijibu, "Mwambie mwanangu mkubwa, mimi sitaki," basi mwanawe ataitwa pembeni kwa ruhusa ya baba yake.